Besi ya Nahumu Ngurumo

Nahumu alipougua, mbao za jeneza lake zilinunuliwa kabla ya dawa. Alizinunua kaka yake, Filemoni, akazipanga barazani zikauke, na kila aliyekuja kumjulia hali mgonjwa alizipita mlangoni. Mgonjwa mwenyewe hakuziona, ila harufu aliipata. Zilikuwa paini mbichi, na kitanda chake kilikuwa nyuma tu ya ukuta ule wa baraza.

Zilikuwa enzi za ruksa, miaka ya tisini ndiyo inaanza. Sabuni zilizokuwa zikiuzwa kwa kificho sasa zilipangwa madirishani, mitumba ilishushwa kwa marobota, na malori ya kwenda Zambia yalilala Makambako yamejipanga kama ng'ombe kwenye josho. Pamoja na malori ulikuja ule ugonjwa ambao watu hawakuutaja jina. Kijana akikonda na kukohoa, hukumu ilikuwa imeshatoka. Nahumu alikonda, akakohoa. Tena alikuwa mwanamuziki, basi hakuna aliyetaka ushahidi zaidi.

Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tulimwita Nahumu Ngurumo. Alipiga gitaa la besi katika Kipengere Jazz, bendi ya chama cha ushirika wa usafirishaji kilichokuwa na karakana yake Njombe mjini. Siku za kazi alikuwa fundi breki, mikono myeusi kwa grisi. Jumamosi alisimama jukwaani, nyuma kabisa, karibu na ngoma, amevaa koti lake la sufu, gumba la mkono wa kulia limetulia mahali pale pale juu ya ubao wa gitaa, vidole viwili vikitembea. Hakucheza wala hakucheka. Lakini mdundo wake uliingilia miguuni, ukapanda, na mtu aliyekuwa amekuja kukaa tu na chupa yake alijikuta ameshainuka. Nilishawaona wazee wa kanisa wakipita nje ya ukumbi ule wamepunguza mwendo, wanajifanya wanatafuta kitu mfukoni.

Gitaa lenyewe lilitoka Japani. Aliyekuja nalo ni Bwana Moriya, fundi aliyeletwa kuwafundisha vijana wa karakana matengenezo ya malori. Baridi ya Njombe ilimfungia ndani kila jioni, akawa anapiga peke yake, na Nahumu akawa anakaa kizingitini kumsikiliza. Baadaye akakaribishwa kiti. Baadaye tena akakabidhiwa gitaa alishike. Bwana Moriya alipomaliza muda wake hakuondoka nalo.

"Hili wametengeneza watu watatu," alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja. "Karakana ndogo. Sasa imefungwa. Hakuna tena. Wewe piga."

Lilikuwa zito, rangi ya asali katikati, ikififia kuwa nyeusi pembeni. Nyuma ya shingo palichomwa alama ya ndege mdogo mwenye miguu mirefu. Nahumu hakumruhusu mtu yeyote alibebe, hata kulishusha tu kutoka kwenye gari.

Ushirika ukafa kama vilivyokufa vyama vingi wakati ule. Malori yakauzwa, karakana ikafungwa, vyombo vya bendi vikapigwa mnada. Gitaa la Nahumu halikuguswa kwa sababu hata dalali alijua ni mali yake. Akalibeba begani, yeye na mkewe Zipora, wakarudi nyumbani kwao, nje kidogo ya mji, ambako Filemoni alikuwa amebaki na mashamba ya baba yao. Wakapewa chumba cha pembeni. Gitaa likatundikwa msumarini juu ya kitanda, nao wakaanza kulima viazi kwenye kipande walichogawiwa. Haukupita msimu wa pili, Nahumu akaanza kukohoa.

Zipora alikuwa Mkinga wa Bulongwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimfuata Filemoni zizini.

"Shemeji, tumpeleke mwenzangu hospitali."

"Hospitali wanatibu malaria," Filemoni akasema. "Hili sisi wote tunalijua ni nini. Utamtesa bure kwenye mabarabara. Mwache afie kwao kama mtu."

Filemoni hakuwa mlevi wala mwizi. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima hodari, na katika nyumba ile alikuwa ameshazika binamu yake na mume wa dada yake, wote kwa kukonda. Mara zote mbili alihangaika kutafuta jeneza maiti akiwa ndani. Safari hii alisema hatadhalilika. Ndiyo maana alinunua mbao mapema, kwa mkopo, na ili alipe deni alitafuta kitu cha kuuza. Viazi vyake hakuvigusa. Alitazama ukutani juu ya kitanda cha mdogo wake.

Mnunuzi aliitwa Bashiru, mfanyabiashara aliyekuja Makambako kutoka Tabora na robota moja la mitumba, akajenga gesti pale Lyamkena. Sasa alitaka bendi ya kuvuta wageni, na alikuwa akizunguka kukusanya vyombo vya bendi zilizokufa. Alikuja na pikapu asubuhi moja, Zipora akiwa mtoni anafua. Hakuja peke yake. Alikuja na Benno, ambaye alikuwa amepiga gitaa la kati ubavuni mwa Nahumu miaka yote ya Kipengere Jazz.

Filemoni aliingia chumbani, akalitungua gitaa. Mgonjwa alikuwa amelala na uso ukutani, hakugeuka. Barazani, Benno alilipokea. Umeme haukuwapo, basi akafanya walivyozoea kufanya pasipo umeme: akakiegemeza kichwa cha gitaa kwenye nguzo ya nyumba, akapiga. Nguzo ikaitika, ukuta ukaitika, na mlio ukapita hadi kwenye kitanda.

"Benno?" sauti ikatoka ndani. "Ndiyo wewe, Benno?"

Benno akasimamisha vidole.

"Umekuja, ndugu yangu. Nilisema utakuja. Hebu nipigie ule wetu wa kufungia dansi."

Benno akamtazama Filemoni. Filemoni akazitazama mbao.

"Anajua?" Bashiru akauliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Anaweweseka tu huyo. Hajui kitu tena."

"Benno," sauti ikaomba, "kidogo tu."

Benno akalilaza gitaa juu ya zile mbao, akashuka barazani, akaenda kusimama karibu na pikapu. Bashiru alikunja uso. Hakupenda biashara ya namna ile, lakini gitaa alilipenda. Akasema, "Nyuzi hizo sizitaki. Mtu amekohoa juu yake." Akatoa koleo ndani ya gari, nyuzi zikakatwa moja moja, zikatupwa kwenye shimo la majivu. Gitaa likapanguswa kwa kitambaa chenye Dettol, likazungushiwa nailoni kama godoro jipya. Filemoni akapokea hela, akaziweka mfukoni mwa shati bila kuzitazama.

Zipora aliporudi na beseni lake kichwani alimkuta mumewe ameketi kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi. Macho yalikuwa yanang'aa.

"Benno alikuja," alimwambia. "Alinipigia."

Zipora akainua macho, akaona msumari mtupu. Alitoka na jivu la jikoni kwenda kulimwaga, na huko shimoni akaziona nyuzi zimejikunja. Akaziokota, akazifuta kwa kanga, akazificha. Kisha akafunga nguo zake na za mumewe katika furushi moja, wala hakumuaga mtu.

Dereva wa lori lililokuwa likipanda Makete, upande wa kwao Zipora, alimtazama mgonjwa, akatikisa kichwa. "Mama, huyu atanifia garini."

"Akifa nitashuka naye," Zipora akasema. "Maiti ni yangu, si yako."

Akawapakia. Barabara ile ya milimani wakati wa mvua hata mzima huiombea dua. Zipora alimfunga mumewe kwa kanga kwenye mwili wake kama anavyofungwa mtoto, na kila gari lilipozama tope aliwaomba wanaume wasukume huku yeye amekaa juu, kwa sababu akishuka asingeweza kumpandisha tena.

Hospitali ya Bulongwa walimpima makohozi, wakampima na damu. Mganga akamwita Zipora kando. "Mume wako hana hilo mnalolifikiria. Ana kifua kikuu. Kinapona. Mngemleta mapema asingefika hapa." Zipora akakaa chini kwenye sakafu, akacheka, kisha akalia, kisha akauliza uji unapatikana wapi.

Nahumu alichomwa sindano, akameza vidonge, akatapika, akameza tena. Mwili ukarudi pole pole, mashavu kwanza, halafu mabega. Siku alipoweza kutembea hadi getini na kurudi, alisema, "Nikifika nyumbani nitaanza na mazoezi ya vidole." Hapo ndipo Zipora alipotoa zile nyuzi kwenye furushi akamwekea mapajani. Akamweleza yote, na la Benno hakulificha. Nahumu alizishika muda mrefu.

"Basi hakunipigia," akasema. "Alikuwa analijaribu."

Walirudi Njombe wakati wa kuvuna viazi. Filemoni alikuwa shambani. Alimwona mtu anakuja kwenye kijia, akamtambua, jembe likamtoka mkononi. Shangwe haikuwamo usoni mwake, na nadhani hata hofu haikuwa kubwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyedanganywa.

"Kamwene, kaka," Nahumu akasalimia.

"Kamwene."

"Gitaa langu liko wapi?"

"Liliuzwa ili tukuzike."

"Mbona sijazikwa?"

"Hilo muulize Mungu," Filemoni akasema, akainama kuchukua jembe lake. "Mimi nilifanya la mtu mzima. Kijiji kizima kinajua nilivyojiandaa. Sasa umerudi, watu watasema mimi ndiye niliyekuwa nakuua."

Watu walisema hivyo kweli, na Filemoni hajamsamehe mdogo wake mpaka leo. Kile chumba cha pembeni alikuwa ameshakijaza mbegu. Nahumu na Zipora wakalala kwa jirani, na kulipokucha wakashuka Makambako.

Bashiru aliwapokea vizuri. Aliagiza chai na maandazi, akamkalisha Nahumu kwenye kiti chenye mto.

"Alhamdulillahi, umepona," alisema. "Lakini mimi nilinunua kwa mkono wa kaka yako, mchana kweupe. Sikuiba."

"Sijasema umeiba, mzee. Naomba nilikomboe. Nitakufanyia kazi mpaka useme basi."

"Ungekuja mwezi uliopita ningekusikiliza. Sasa limepata mwenyewe."

Akaeleza. Mjapani mmoja, Bwana Ishida, mhandisi wa kupima barabara, alikuwa amelala pale gesti. Alilikuta gitaa limesimamishwa ukumbini, akaligeuza, akamwona yule ndege, akamgusa kwa ncha ya kidole. Bashiru hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mguso ule aliuelewa kama anavyouelewa mkono wa mteja kwenye koti zuri. Mhandisi angerudi Jumamosi na hela.

"Sasa nisikilize," Bashiru akaendelea. "Njoo Jumamosi ulipige mwenyewe. Huyu Benno analikwaruza tu. Akiusikia mkono wako hatabishana bei, nami sitakusahau."

Nahumu akasema atafikiri. Nje, karibu na matangi ya maji, Benno alikuwa anamngoja. Hakuweza kumtazama usoni.

"Kaka, nisamehe. Siku ile nilishindwa kusema."

"Nilikusikia ukishindwa."

"Basi nikuambie kitu. Jumamosi lipige vibaya. Vibaya kabisa. Yule mtu ataona ni kopo, ataliacha. Likibaki hapa, bosi atakuweka kwenye bendi tu, hana namna. Utakuwa nalo kila siku."

Nahumu hakuwa amewahi kupiga vibaya mbele za watu. Hata mazoezini alikuwa akikosea nota moja anasimamisha wimbo. Lakini alilifikiria neno lile njia nzima ya kurudi kwa yule jirani, na Zipora alipomuuliza amekusudia nini, alijibu, "Nitaiaibisha mikono yangu mara moja, halafu basi."

Jumamosi ua wa gesti ulijaa. Habari kwamba Nahumu Ngurumo amerudi kutoka kaburini ilikuwa imezunguka stendi nzima, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwenda. Madereva walikuwapo, wauza mitumba, akina mama wa mbogamboga, na watu waliokuwa wamewahi kucheza Kipengere Jazz mpaka viatu vikaachia soli. Nahumu alipanda, mwembamba bado, koti la sufu likimning'inia. Alilipokea gitaa kutoka kwa Benno. Nilimwona akiliweka begani, na gumba lake likaenda lenyewe mahali pake. Akalitoa pale kwa nguvu, akalikunja. Ndipo akaanza.

Alipiga kama mtu anayeburuta bati. Aliwahi mahali pa kuchelewa, akachelewa mahali pa kuwahi, akaangukia nota za pembeni. Mpiga ngoma alimtazama kwa mshangao, akapunguza, akasimama. Mwanzoni watu walinyamaza kwa huruma. Kisha dereva mmoja akapaza sauti, "Hiyo si ngurumo, hicho ni kikohozi!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Waliocheka zaidi ni wale waliowahi kumshangilia. Mmoja akakohoa kwa kufuata mdundo, wengine wakamwitikia. Zipora alisimama katikati yao na mikono kichwani. Nahumu akaendelea kukosea hadi mwisho wa wimbo, jasho linamtiririka, na nawaambia, kukosea kule kulikuwa kazi. Bashiru alikuwa amebadilika rangi.

Bwana Ishida hakuwa amecheka, kwa sababu hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekaa na mikono magotini, anasubiri kwa adabu kelele ziishe. Zilipoisha akainuka, akainama kidogo, akalichukua gitaa kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa mkwewe. Akalilaza mezani juu ya taulo. Akatoa bisibisi ndogo, akafungua kibati cha nyuma, akasoma kitu kilichoandikwa kwa penseli humo ndani, akatabasamu. Akatoa kioo cha kukuzia, akalipitia lote, kutoka kichwani hadi mkiani.

Mbele, karibu na nyuzi, kioo kikasimama. Palikuwa na bonde dogo kwenye mbao, rangi imeisha, ubao umelainika na kung'aa. Ni pale gumba lilipokuwa likikaa miaka ile yote.

"Hapa pameharibika," Bwana Ishida akasema kwa masikitiko. "Nani aliharibu?"

Hakuna aliyecheka sasa. Nahumu alikuwa bado amesimama jukwaani, mikono mitupu.

"Mimi," akasema.

"Pole," Bwana Ishida akajibu, na hatukujua pole ile alimpa nani. Akamgeukia Bashiru, wakazungumza, bei ikashuka kidogo kwa ajili ya lile bonde. Bashiru alihesabu zake, akamsogelea Nahumu na kumwambia bila kuficha, "Unaona? Kwa gumba lako umenila mimi. Kwangu usikanyage tena."

Nahumu akashuka, akamfuata mnunuzi hadi kwenye gari. "Bwana, ukifika kwenu utalipiga?"

"Mimi sijui kupiga," mhandisi akasema kwa upole. "Litakaa kwenye kabati la kioo. Joto linapimwa. Hakuna mtu kugusa tena. Usiwe na wasiwasi."

Gari likaondoka kwenda upande wa Iringa.

Baada ya wiki chache Bashiru alinunua besi nyingine, ya kawaida, akaanzisha bendi yake. Nahumu hakuthubutu kwenda kwake, akamfuata Benno nyumbani. Akamwomba nafasi yoyote, hata ya kupiga tumba.

"Bosi anasema mikono yako imekufa," Benno akamjibu.

"Wewe unajua haijafa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuiua. Mwambie."

Benno aliuangalia mlango. "Nikimwambia nilikushauri kuharibu biashara yake, mimi nitakula wapi? Besi ameshanipa mimi."

Nahumu hakumpiga. Wengi tungempiga. Alirudi kwa Zipora, wakahamia Wanging'ombe kwa watu wa kanisa waliowagawia shamba, wakalima alizeti na viazi, na alizeti ya kule iliwakubali. Alipata nguvu, akajenga nyumba ya bati, akapata mtoto wa kike. Kwa macho ya kulima na kula, alipona kabisa.

Nilimwona mara ya mwisho sokoni Makambako, miaka kadhaa baadaye, yeye na Zipora wamekaa nyuma ya madebe ya viazi. Mteja wao alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, na redio ya duka la jirani ilikuwa ikipiga dansi la zamani. Yule mtu akatikisa kichwa.

"Hawa wa siku hizi hawajui besi," alimwambia Nahumu. "Palikuwa na mtu hapa Njombe, wanamwita Ngurumo. Ulimwahi?"

Zipora akafumbua mdomo. Nahumu akamwekea mkono gotini.

"Nilimsikia," akasema.

"Alikufa vibaya. Ule ugonjwa. Wanasema mwishoni alikuwa analia jukwaani, hawezi hata kushika nyuzi. Lakini ujanani, ah! Wewe hukumwona huyo mtu."

"Unataka debe zima au nusu?" Nahumu akauliza.

"Nusu. Lakini uijaze vizuri."

Nahumu akaijaza, akaongeza viazi viwili juu, akamfungia mfuko.